Kidole Gumba Kwenye Kitufe cha Hewa

Jumamosi, jioni. Manyunyu tangu alfajiri, Boko nzima ni tope. Nimeoga, nimekunywa chai ya tangawizi vikombe viwili, na bado mwili haujatulia.

Leo nimeumbuka mbele ya watu. Nataka kuliandika hili kabla sijaanza kulipamba, maana najijua.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nina miaka sitini na mbili. Mume ninaye, ila tangu astaafu yuko Handeni na mbuzi wake na haonyeshi dalili ya kuwachoka. Watoto wana miji yao. Nyumba ni kubwa kuliko mimi. Ndiyo maana Jumamosi zangu nimezikabidhi kwa kikundi cha akodiani.

Ndiyo, akodiani. Kile kinanda cha kuvaa kifuani, wengi mmekiona kwenye taarabu. Mkono wa kulia unabonyeza funguo, wa kushoto unabonyeza vitufe vya besi, na katikati kuna mvukuto unaouvuta na kuusukuma ili hewa ipite itoe sauti. Tunajifunzia nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la Bwana Murtaza, katikati ya mabomba na ndoo za rangi. Yeye ndiye mwenye vyombo na ndiye mwalimu wetu. Familia yao wanauza misumari tangu enzi za babu yao, lakini moyo wake haujawahi kuwa kwenye misumari.

Tuko kumi na mmoja, vyombo ni saba. Kanuni ya Bwana Murtaza ni moja tu: chombo kinakaa na anayekipiga. Asiye nacho anasubiri mpaka mtu aache au ahame.

Tunapiga kwenye mahafali, kwenye kliniki siku ambazo kina mama ni wengi na foleni haisogei, na siku za usafi wa mtaa tunasimama pembeni ya mtaro na kuwapigia wanaozibua. Mara mbili kwa mwaka tunafanya onyesho letu wenyewe, watu wanakuja na viti vyao. Mtaani wananiita Mwalimu tena. Mtu hajui alivyolizoea jina mpaka lipotee. Baada ya kustaafu nilikaa karibu mwaka mzima nikiitwa "bibi wa nyumba ya geti la kijani", kisha nikavaa akodiani, nikawa Mwalimu upya.

Sasa ungamo.

Sijui kupiga akodiani.

Nilijifunza, sikatai. Mkono mmoja mmoja naenda vizuri kabisa. Tatizo ni kuiunganisha. Wa kushoto unaacha kazi yake na kuanza kuufuata wa kulia, kama mtoto anayechungulia daftari la jirani. Nilidhani itakuja kwa mazoezi. Haikuja.

Kisha tukaenda kupiga kwenye mahafali ya shule moja Chamazi. Katikati ya wimbo nikapotea, sijui tuko wapi, jasho linanitoka, na katika kupapasa kidole gumba cha kushoto kikaangukia kitufe cha hewa. Kile ni kitufe cha kutolea hewa wakati wa kufunga chombo, ili mvukuto urudi kimya kimya. Nikashangaa: mvukuto unafunguka, unafunga, mabega yangu yanacheza, na sauti hakuna. Wenzangu sita wakanifunika. Vidole vya kulia nikavipitisha juu ya funguo bila kubonyeza, nikaongeza na tabasamu. Wimbo ulipoisha mama mmoja akaja kunishika mkono, akaniambia nimepiga kwa hisia.

Kwa hisia!

Huo ni mwaka na kitu sasa. Tangu siku ile, kwenye kila onyesho, kidole gumba changu hakijatoka kwenye kitufe cha hewa. Kwa miaka thelathini na sita niliwasimamisha watoto mbele ya darasa kwa kosa la kunakili. Sikuwahi kumkamata hata mmoja aliyenizidi mimi.

Ningeweza kuishi na hilo, nadhani. Binadamu ana ngozi nene kuliko anavyodhani. Ninachoshindwa kukimeza ni Salma.

Salma ni msusi, anakaa Kiwalani, ana miaka ishirini na kitu. Kila Jumamosi anawaacha wateja na kuja mpaka Boko, na miezi minane hana chombo. Mtu akichelewa, Salma anakivaa chombo chake kwa robo saa. Nimemsikia katika hizo robo saa. Vidole vilivyozoea kusuka nywele siku nzima havijui kuchoka, na mikono yake miwili haigombani. Mara nyingi alikuwa akiniuliza, "Hivi Mwalimu, zamu yangu itafika kweli?" Na mimi, nimevaa chombo kisichopigwa, nilikuwa namjibu, "Vumilia mwanangu. Mvumilivu hula mbivu."

Nilisema hivyo zaidi ya mara moja. Nilisema kwa sauti ya ualimu.

Leo tulikwenda Temeke, kwenye karakana ya ushonaji ya wanawake viziwi. Wao ndio waliotushonea mikanda mipya ya vyombo, mikanda mizuri yenye sponji ndani, na Bwana Murtaza akatangaza kwamba tutakwenda kuwapigia kwa shukrani. Kassim, mwenzetu asiyejua kunyamaza, akacheka. "Bosi, tunaenda kuwapigia viziwi?"

"Wao ndio wameomba," Bwana Murtaza akamjibu. "Wewe beba chombo."

Nami nilicheka na Kassim, naandika ukweli. Nilicheka na moyoni nikafurahi. Nilijiambia, leo angalau ni siku ya mapumziko, hakuna wa kunisikia.

Karakana ni chumba kimoja kirefu, cherehani zimesogezwa ukutani, vitambaa vya sare za shule vimekunjwa mpaka karibu na dari. Wanawake kama thelathini. Mkalimani wao, dada mmoja mwembamba anayeitwa Happy, akatueleza utaratibu: mkianza kupiga, wao watakuja kuweka mikono kwenye vyombo. Hawahitaji spika. Ubao wa chombo unapotetemeka, wao ndipo wanapousikia wimbo.

Nikakitazama kidole gumba changu cha kushoto.

Tukaanza. Wakaja, wawili wawili, watatu watatu, wakaweka viganja juu ya mvukuto na pembeni ya funguo. Sijawahi kuona watu wakisikiliza namna ile. Mmoja aliweka shavu kwenye chombo cha Kassim, na Kassim, yule mcheka watu, akaanza kupiga polepole kama anayembembeleza mtoto. Mwingine alikuwa akitingisha kichwa na besi ya Bwana Murtaza, hakukosea hata pigo moja.

Mimi alinijia mama wa makamo, jina lake Mwajuma, ndiye aliyeshona mkanda wangu. Aliutazama kwanza mshono wake, akaridhika. Kisha akaweka kiganja.

Akasubiri.

Akasogeza kiganja kwenye ubao wa pembeni. Akasubiri tena. Akaenda kwenye chombo cha jirani yangu, akagusa, akatabasamu, akarudi kwangu. Kiganja kingine nacho akakiweka. Mvukuto wangu ulikuwa unapanda na kushuka kwa mbwembwe zote, na ndani yake hakuna kitu. Akaninyanyulia macho. Hakuwa na hasira, alikuwa na wasiwasi, kama mtu anayetafuta mapigo ya moyo ya mgonjwa.

Wimbo ulipoisha akamwita Happy na kuzungumza naye kwa mikono. Happy akanigeukia. "Anauliza, hiki cha kwako kimeharibika?"

Hapo ndipo ningesema kweli. Ningeinama na kusema taratibu, mambo yangeishia kwa watu watatu. Badala yake nikajibu haraka, "Ndiyo, kimeharibika. Leo asubuhi tu."

Mwongo hana akili. Nilimsahau mwenye vyombo, ambaye akisikia neno kuharibika anaruka hata kama yuko usingizini. Bwana Murtaza akaja, akanivua akodiani kifuani, akaivaa, akavuta. Ikanguruma chumba kizima. Akapanda juu mpaka funguo za mwisho, akashuka, akajaribu besi moja moja. Akanitazama.

"Mwalimu, mbona kizima?"

Salma alikuwa amesimama mlangoni na mifuko yetu yote begani. Nikawa namtazama yeye wakati nasema, sijui kwa nini.

"Kizima. Mimi ndiye siwezi. Huwa nabonyeza kitufe cha hewa. Tangu Chamazi."

Nilisema kwa sauti ya chini sana. Haikunisaidia, kwa sababu pembeni yangu mikono ya Happy ilikuwa inaruka, anatafsiri kila neno kama kazi yake inavyomtaka. Nikaona aibu yangu inasafiri kutoka jicho hadi jicho mpaka ukutani, wanawake thelathini wakiipokea bila mimi kupaza sauti. Wengine wakashika midomo. Mmoja akacheka, na kusema kweli hata mimi ningecheka.

Mwajuma ndiye aliyesogea. Aliongea kwa muda, na Happy akatafsiri: "Anasema, basi piga hivyohivyo unavyoweza. Sie hapa hatujui kosa ni lipi. Likitetemeka, limetetemeka."

Bwana Murtaza alinivisha chombo.

Nikapiga. Kidole gumba nilikitoa kwenye kile kitufe na kilikuwa kinauma, kama kilikuwa kimezoea. Nilipiga wimbo mfupi wa watoto, ule wa kwanza tuliofundishwa, na niliuharibu. Mkono wa kushoto ulichelewa, ukawahi, ukapotea kabisa. Wenzangu wakatazama sakafu. Mwajuma alikuwa na viganja viwili juu ya mvukuto na macho ameyafumba, na uso wake ulikuwa sawasawa na uso wa wale waliogusa chombo cha Bwana Murtaza. Nililia, nakiri. Ililia na akodiani.

Nilipomaliza nikakivua chombo. Nikamwendea Salma mlangoni nikampa. Sikusubiri kuambiwa, kanuni naijua. Akaweka mifuko chini na kukivaa bila kunitazama, akaurekebisha mkanda, akapiga wimbo uleule niliouharibu. Mikono yote ikahamia kwake, na ya Mwajuma pia.

Niliumia. Nilitegemea kwamba nikitenda haki nitajisikia mwepesi. Sikujisikia mwepesi.

Baadaye, wakati wenzetu wanakunywa soda, nikamfuata nyuma ya karakana kumwomba radhi. Nikaanza na maelezo marefu ya umri, na mikono, na upweke. Salma alinikatiza, kwa adabu, maana hata akiwa na hasira hawezi kumvunjia mtu mzima heshima.

"Mwalimu, mie sijakasirika kwamba hujui. Hata sie wote tulikuwaga hatujui. Nimekasirika kwamba ulikuwa unaniambia nivumilie."

Nikasema, "Kweli."

"Basi," akasema, akarudi ndani.

Hakukuwa na zaidi. Bwana Murtaza aliponishusha hapa getini aliniambia tu niangalie tope. Kama alijua siku zote, sijui. Mtu anayesikia msumari ukianguka duka la pili anaweza kweli kukosa kusikia chombo kizima kisichopiga? Sikumuuliza, na sidhani nitamuuliza. Huenda aliniacha kwa huruma, na huruma yake ikamgharimu Salma miezi minane. Kosa hilo nalo lingekuwa langu, si lake.

Nimejaribu tangu nifike kufikiria nitakosa nini zaidi. Chombo nimekikosa. Jina la Mwalimu, sijui Jumamosi ijayo watalitamka kwa sauti gani. Kassim lazima ataniita Mama Hewa, ninamfahamu, na litashika.

Muda mfupi uliopita simu imelia. Salma amenitumia sauti kwenye WhatsApp, dakika mbili, hakuna neno hata moja. Ni akodiani tu. Kakaa nayo nyumbani kwake Kiwalani na kuupiga mwanzo mpaka mwisho ule wimbo ulionipoteza kule Chamazi. Nimesikiliza mara tatu. Sijui ni msamaha au ananikomoa. Inawezekana ni vyote viwili, na yuko sahihi kwa vyote viwili.

Nilianza kumwandikia ujumbe mrefu. Nikaufuta, ulikuwa unanukia risala. Nimeandika neno moja: "Nifundishe."

Tiki zimekuwa bluu. Ameona. Hajajibu.

Nimekaa hapa najiuliza, akikataa, Jumamosi nitakwenda kweli? Nikakae kwenye benchi nyuma ya duka, sina kitu kifuani, mwanafunzi wa mwisho kwenye foleni ya watu wanne, nikimsikiliza yeye?

Nitakwenda.