Kumkumbuka Fundi Magoti, Msimamisha Wagonjwa

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotoka zahanati ukasema unajinyoosha kidogo kabla ya chai, nawe hukuinuka tena.

Mtaani walikuita Fundi Magoti, na sisi wanao tulicheka nao. Tulidhani unakanda watu. Ulikuwa ukituambia, "Mtaalamu wa viungo ndiye anayepanga mazoezi. Mimi msaidizi wake narudia na mgonjwa mpaka mwili ukubali." Tuliitikia "ndiyo, Baba," tukaendelea kula.

Tunaukumbuka upole wako. Ulisugua viganja vipate moto kabla ya kumgusa mtu. Uliwatania wagonjwa, "Haraka haraka haina baraka, lakini na wewe umezidi!" Nyumbani hukuweza kumpita mtu aliyekaa vibaya bila kumnyoosha mgongo.

Baada ya kukuzika, Mama akapata kiharusi, upande wa kushoto ukalegea wote. Tulihangaika kumtafutia msaada, tusijue hata tumuulizie nani. Tulileta mkandaji, Mama akalia kwa maumivu. Mwishowe tulikwenda zahanati ulikokuwa ukifanya kazi. Mtaalamu akampima, akatupa binti uliyemfundisha kazi awe anakuja nyumbani. Kumbe muda wote tulikuwa tunatafuta mtu kama wewe.

Siku ya kwanza binti aliukunja mguu wa Mama, akaukunjua, akashangaa. "Nani amekuwa akimfanyisha mazoezi? Mguu huu ungekuwa umeshakakamaa."

"Hakuna," tukajibu.

"Mume wangu," Mama akasema, kama anayemtaja jirani. "Huja mchana mkiwa kazini."

Binti akapitisha mkono nyuma ya goti lake, akautoa upesi. "Pana mkono hapa tayari," akanong'ona.

Hatukuogopa, Baba. Tulilia kwa furaha. Mama alianza kusimama, akawa anapiga hatua, nasi tukasema penye nia pana njia, hata kwa marehemu.

Lakini wiki iliyopita binti alimuuliza, "Mama, mkitembea, mwalimu wangu anasimama wapi?"

"Mbele yangu. Ananinyooshea mikono. Kila siku anarudi nyuma kidogo, nami namfuata."

Binti akakaa kitako. Akatueleza kwamba msaidizi husimama upande ulio dhaifu, nyuma kidogo, ili mgonjwa akiyumba amdake. "Mwalimu mwenyewe alinigombeza sana kwa hilo. Aliyesimama mbali mbele yako hawezi kukudaka. Huyo anakuita."

Jana tulimkuta Mama amesimama peke yake. Mlango wa chumba ulimofia, tunaoufunga kwa ufunguo, ulikuwa wazi mbele yake. Mkono wake wa kulia, ulio mzima, ulikuwa hewani, vidole vimekunjwa kama vilivyoshikwa, naye anatabasamu. Hajawahi kupendeza hivyo tangu msiba, na hilo ndilo lililotutia hofu.

Baba, tunakupenda, na tunajua upweke ni mzigo. Lakini sisi bado tunamhitaji. Rudi upande wake wa kushoto, ama umwachie binti kazi.

Unakumbukwa na mkeo, wanao, wakwe na wajukuu zako, dada yako mkubwa, mwanafunzi wako, na wote uliowasimamisha.

Sisi tutakukumbuka daima. Ila wewe, Baba, tunakuomba umsahau Mama kidogo.