Mke Wangu Amekataa Kupitisha Kazi ya Mdogo Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla simu haijalia tena, maana nimebanwa huku na huku. Mimi ni kibarua wa zege katika nchi ya watu, shule niliiacha njiani, lakini mke wangu niliyemwacha nyumbani anafanya kazi ya kompyuta, na mdogo wangu wa tumbo moja ameajiriwa ofisi hiyohiyo kwa majaribio, na kila programu anayoandika lazima shemeji yake aikague kwanza ndipo ipite. Ofisi yao inatunza taarifa za fedha, na mdogo wangu alipewa aandike kile kipande cha kutafutia hisa, yaani unaandika jina la kampuni, kompyuta inakuletea hisa zake na bei, na hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu mke wangu anakirudisha kila kikiletwa. Anasema ukitafuta kampuni isiyokuwamo, programu haikwambii haimo, inakuletea nyingine yenye jina linalokaribiana, na mtu atanunua asichokitaka. Mdogo wangu akanipigia akilia kwamba alifanya hivyo kwa heshima, kwetu mgeni harudishwi mikono mitupu, na kwamba shemeji anamkomoa tu kwa vile alipokaa kwake hakuwa anaosha vyombo, na asipopitishwa wiki hii ajira imeota mbawa. Nami nikajifanya mkubwa, nikamwambia, "Tulia, yule ni mke wangu, nitamwamuru apitishe." Tangu hapo mke wangu akipiga nasema niko juu ya ngazi, hata siku za mvua ambapo hatufanyi kazi niko juu ya ngazi. Nikimwamuru atanipasha, nisipomwamuru mama atasema nimemtupa ndugu yangu kwa ajili ya mwanamke. Nifanyeje?

Kibarua wa Zege

Kibarua, pole, lakini shuka kwanza kwenye hiyo ngazi.

Mkeo hamkomoi mtu. Wewe ungetumwa saruji ukaikosa, ukarudi na sabuni kwa kuwa majina yanakaribiana, fundi angekushukuru kwa heshima yako? Ukarimu ni wa chakula, si wa majibu. Anayeuliza kuhusu fedha zake akipewa kinachofanana na jibu, hajakirimiwa, amepotezwa.

Na mdogo wako hakuyaokota mbali. Wewe nawe uliombwa amri usiyokuwa nayo, badala ya kusema huna ukatoa ahadi. Ofisini kwa mkeo huna la kuamuru, na nyumbani kwako, kwa jinsi unavyoikimbia simu, nina mashaka.

Leo ukitoka kazini mpigie mdogo wako, umwambie, "Nilijigamba. Uwezo huo sina, na ningekuwa nao nisingeutumia." Kisha aende kwa shemeji yake kama mfanyakazi kwa mkaguzi wake, aombe aonyeshwe kosa. Programu iseme wazi kwamba kampuni haimo, na kama heshima bado inamwasha, chini yake iulize, "Je, ulimaanisha hii?" mtu achague mwenyewe. Hiyo ndiyo itakayoiokoa ajira yake, si ukubwa wako. Mama akinung'unika, mwambie mwanawe anafundishwa kazi, na anafundishwa na mtu wa nyumbani.

Ukimaliza mpigie mkeo. Usianze na hisa. Muulize ameshindaje, usikilize mpaka amalize, ndipo umweleze ulichomwahidi mdogo wako. Atakucheka, nawe mwache acheke. Mume anayechekwa kwenye simu ni afadhali kuliko mume asiyepatikana.