Kilo za Maji

Mkuyuni,
S.L.P. 2093,
Mwanza.
17 Novemba 1997

Mpendwa kaka Nathaniel,

Shikamoo. Nakusalimu wewe, wifi Winnie na watoto. Natumaini joto la huko Gaborone haliwasumbui sana, na kwamba mgongo wako umepata nafuu. Sisi huku tunapumua. Mama hajambo kiasi, anakula ukimsimamia. Mvua imeshika tangu mwezi uliopita na njia ya kuteremkia sokoni imegeuka mfereji. Mimi ni mzima wa mwili. Habari za moyo ndizo zilizonifanya nichukue karatasi nyingi namna hii.

Barua yako ya rambirambi tuliipata. Baba mdogo Chenge aliisoma mbele ya watu wote kule Magu siku ya kumaliza matanga, kwa sauti yake ile ya kutangazia bei ya pamba. Alipofika pale ulipoandika kwamba unamshukuru Mungu kwa kuwa mdogo wetu Pius amekufa na mwili wake, hakukonda, watu waliitikia amina. Mimi sikuitikia. Niliinuka nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Kaka, uko mbali na sikulaumu kwa kuwa mbali. Nakulaumu kwa mengine, na nitayasema, maana wewe ndiye mkubwa wetu na sina mwingine wa kumwambia.

Unakumbuka Pius alivyokuwa mwembamba tangu utoto. Kiwanda cha nguo kilipofungwa akapata kibarua cha kuchuna minofu ya sangara, kusimama kwenye maji baridi kutwa nzima. Mwaka jana miguu ikaanza kuvimba, tukasema ni kusimama. Baadaye uso ukajaa. Hapo hatukusema kitu, tulifurahi. Mtaa mzima ukaanza kumwita bosi, naye akawa anaitikia.

Aliyempeleka hospitali ni mke wake Suzana, peke yake, huku sisi tukimtania kwamba anamchosha daktari kwa mtu mwenye afya yake. Daktari akasema ni figo, na kwamba ule unene ni maji yaliyokosa pa kutokea. Akampa dawa za kumkojoza, akamkataza chumvi, akampimia hata maji ya kunywa. Baada ya wiki chache bosi aliondoka akabaki Pius, tena mwembamba kuliko tulivyomzoea. Mashavu yaliingia ndani na kola ya shati ikawa inamzunguka shingoni.

Huhitaji kuambiwa watu wanafikiri nini siku hizi wakimwona mwanamume amekonda. Hapa Mkuyuni walisema amekanyaga waya, yaani ana UKIMWI. Maneno hayo yakafika Magu, yakafika mpaka kwako, nawe ukaandika, "Mwulizeni mke wake vizuri."

Maneno manne tu. Baba mdogo aliitisha kikao kwa ajili ya hayo maneno manne. Suzana aliketishwa chini mbele ya wazee akaulizwa habari za wanaume aliowafahamu kabla ya ndoa. Alijibu kwamba yeye na mumewe walipimwa na wote ni wazima. Akaambiwa vipimo vya siku hizi vinanunuliwa kama kila kitu kingine. Pius alitaka kusema, wakamwambia mgonjwa apumzike. Halafu wakamchukua kumpeleka Magu ili alishwe mpaka mwili urudi.

Na walimlisha kweli, siwezi kuwanyima haki yao. Supu asubuhi, samaki wa chumvi mchana, uji na maziwa katikati. Siku za mwanzo Suzana alikuwa akimtengea mboga yake isiyo na chumvi. Shangazi akamwambia mbele ya wageni kwamba anamkausha mtoto wao makusudi. Basi akaacha.

Mimi nilikwenda Magu mwezi wa sita nikamkuta Suzana jikoni anatia chumvi kwenye mchuzi wa Pius, ujazo wa kiganja. Nikamwuliza kwa sauti ya chini kwa nini anafanya vile, na yeye ndiye aliyemsikia daktari kwa masikio yake. Hakugeuka. Alisema, "Wifi, akiwa mnene mimi ni mke. Akikonda mimi ni muuaji. Haya, nichagulie."

Nikaenda kwa baba mdogo, nikamkuta kwenye banda lake la kununulia pamba. Unajua tangu biashara ya pamba iachiwe watu binafsi yeye naye ni mnunuzi, ana mizani yake na vijana wake. Nilimweleza yote ya daktari. Alinisikiliza kwa upole kabisa, kisha akamwita Pius aje apande kwenye mizani.

"Sabini na moja," akatangaza. "Aliletwa hapa na hamsini na tatu. Nani kasema mwanangu anaumwa?"

Wakulima waliokuwa kwenye foleni na magunia yao walipiga makofi. Pius naye alicheka, maana alikuwa anapenda kufurahisha watu. Wakati anashuka nilimshika mkono asije akaanguka, na nilipomwachia, alama za vidole vyangu zilibaki palepale, zimebonyea kama kwenye unga uliokandwa. Hakuna aliyetazama.

Aliyefuata kwenye foleni alikuwa mzee Ngosha. Baba mdogo alitumbukiza mkono kwenye gunia lake hadi kwapani, akachomoa pamba ya katikati, akaigusisha shavuni. Akasema, "Mzee, hii umeimwagia maji ili iwe nzito. Mimi sinunui maji." Gunia likawekwa pembeni. Haya yalitendeka mbele yangu, kaka, Pius akiwa bado anatafuta pumzi kwenye benchi. Mtu anayejua maji yaliyofichwa katikati ya gunia la mwingine hakujua maji yaliyokuwa usoni kwa mtoto wa kaka yake. Tangu siku ile sijaweza kumwangalia vizuri.

Jioni hiyohiyo wakamvalisha koti la baba mdogo wakampeleka kwa mpiga picha, na picha ikatumwa kwako. Ulijibu upesi kuliko ulivyowahi kujibu barua yoyote. Ulifurahi. Uliandika kwamba ule mpango wako uliomwahidi Mama, wa kumpeleka kwa madaktari wa figo Dar, hauna haja tena, na kwamba likizo utaitumia kumalizia nyumba. Sikuandika kukupinga kwa sababu barua yangu ya kwanza, ile niliyokueleza habari za maji, uliijibu kwamba wanawake tunapenda kukuza mambo.

Mwezi wa nane pumzi ikambana. Alifika Mwanza amelala nyuma ya gari la baba mdogo, juu ya magunia. Daktari yuleyule alimpokea kwenye chumba cha mahututi, akamtoa maji kadiri alivyoweza, wakampima. Kilo arobaini na nne. Ndani ya ule unene wote walioushangilia, huo ndio mwili uliokuwamo.

Nilimwuliza daktari kama tungemwahisha ingekuwaje. Hakunigombeza, ingawa nilitamani anigombeze. Alisema wagonjwa wa figo wanaofika pale mahututi, mara nyingi wenye nyama mwilini ndio wanaovumilia kidogo, kwa sababu ugonjwa unakula nyama na wao wana cha kuliwa huku dawa zinatafuta njia. Akasema, "Dada, huyu nyama zake ziliisha zamani. Mlikuwa mnapima maji." Suzana alikuwa amesimama karibu yangu. Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayesomewa kitu anachokijua.

Siku za mwisho dawa zilishindwa na maji yakarudi. Ndiyo sababu siku ya kuaga alionekana vile, kaka. Mashavu yamejaa, ngozi inang'aa. Watu walipita mmoja mmoja wakisema tazama alivyonawiri, kumbe hakuwa nao ule ugonjwa. Baba mdogo alilia kwa sauti. Alipomaliza kulia alimwendea Suzana, akampa mkono mbele ya watu wote, akamwita mwanangu. Hakuna tena anayemwuliza chochote, na nyumba ya Pius kule Butimba wamemwachia. Kilichomuua mumewe ndicho kilichomsafisha yeye. Aliupokea ule mkono, ungefanya nini wewe?

Nina hasira na nimeshindwa kuimaliza. Nimeikuta kanisani, nimeikuta sokoni, naiona hata ninapotia chumvi kwenye mboga yangu mwenyewe.

Mama anakusalimu na anauliza lini utakuja. Shangazi na baba mdogo wanakusalimu na wanajisifu kwa barua yako. Suzana nilimwuliza kama ana salamu, akaendelea kupepeta mchele. Msalimie sana wifi Winnie, na umbusu Odeta kwa niaba yangu, nimesikia ameanza shule. Mungu awalinde huko ugenini, na awape watu wa kuwaamini siku mtakaposema mnaumwa.

Jambo la mwisho. Umeandika kwamba ile picha ya Pius umeitia fremu ukaitundika sebuleni, na wageni wakiuliza unawaambia ndivyo mdogo wako alivyokuwa mpaka mwisho. Ishushe, kaka, uisogeze dirishani. Najua sote tulitazama uso na lile koti. Sasa tazama chini. Yuko peku. Tulijaribu viatu vyake, vya baba mdogo, na vya mpiga picha. Havikumwingia.

Ni mimi dadako, ninayekupenda hata leo,
Rebeka