Trai Niliyoikataa

Kundiawa,
Jumapili, baada ya misa

Kwa kaka yangu Alois,

Pokea salamu za nyumbani, za Mama zikitangulia na zangu zikifuata. Sisi huku ni wazima. Goti la Mama linamsumbua asubuhi, likipata jua linatulia, na mdomo wake haujapata ugonjwa wowote, kwa hiyo ondoa wasiwasi. Wewe hujambo? Wifi Klara na watoto wanaendeleaje? Nasikia huko Lae mvua haikatiki na bandarini mnapakua mizigo mmelowa chapachapa. Vaa koti, kaka, kifua chako nakijua. Kahawa mwaka huu imekubali, matawi yameinama, na yule nguruwe jike mweusi amezaa tena.

Ningekupigia simu, lakini wewe kwenye simu hunipi nafasi. Ukisikia neno usilolipenda, ghafla mtandao unasumbua. Barua huwezi kuikatia njiani. Basi kaa chini, mwambie wifi akupe chai, unisome mpaka mwisho.

Najua Baba Mkubwa Mondo ameshakutumia habari kwamba mimi nimeuza ukoo kwa wapinzani wetu Nyundo. Uongo mtupu. Nimekataa trai moja, basi. Lakini kwa kuwa trai yenyewe ni ya mwanao Bomai, anayekaa huku kwetu, na wewe ndiye unayesubiriwa uje useme neno kwenye kikao cha ukoo, ni haki yako uisikie kwangu.

Kwanza nikukumbushe nani aliyenitia wazimu huu wa raga. Si wewe? Wewe ndiye uliyekuwa ukinirusha kwenye lori kama gunia la viazi, timu yetu ya Mwewe ikienda kucheza Kerowagi au Chuave, bendi imejazana nyuma, magita manne na ukulele yako. Tuliimba njia nzima, kwenda tukijigamba na kurudi tukijigamba zaidi, hata tukiwa tumefungwa. Ule wimbo wa msichana anayesubiri gari kwenye mvua, sauti ya pili ukiishika wewe, mpaka leo nikiukumbuka nywele zinanisimama. Vijana wa siku hizi wanabonyeza kinanda cha umeme wanasema wanapiga muziki. Muziki gani huo? Nipe gita lenye waya mmoja uliolegea na watu sita wanaojua kupishana sauti, hayo mengine wakale wenyewe.

Na ile mechi ya matope, unaikumbuka? Chuave na sisi tulifanana wote, rangi moja, mpaka mwenzenu Kerenga akamkaba nahodha wake mwenyewe akamlaza chini, akasimama anashangilia. Tulimtania mwaka mzima. Au zile jioni za mechi za timu za Bluu na Maruni, tukizitazama pale dukani kwenye televisheni, Baba akiwa Bluu na Mama Maruni. Maruni wakishinda, Mama alikuwa anapika huku anaimba, na Baba anakula ameugeukia ukuta. Mimi nilikulia humo. Ulinifundisha sheria kwa kokoto, kumi na tatu huku, kumi na tatu kule, ukinihesabia mara sita za kukabwa kabla ya kuwaachia wapinzani mpira. Refa alikuwa ganda la kiazi, na ulikuwa unamtupa kila akikuudhi.

Sasa mimi ndiye ganda la kiazi. Wenyewe walinichokoza. Nilikuwa nikisimama pembeni ya uwanja nawakosoa marefa kwa sauti yangu hii unayoijua, mpaka siku moja mzee mmoja wa chama cha waamuzi akanigeukia akaniambia, mama, kama unajua hivyo, chukua kipenga. Watu wakaangua kicheko. Mimi nikakichukua. Nikaenda Goroka nikafundishwa, nikafaulu. Ukoo ulifurahi kuliko mimi. Baba Mkubwa alitangaza kanisani kwamba sasa tuna kipenga chetu. Nikamwambia hapohapo, mbele ya padri, kwamba kipenga ni cha mechi, si cha ukoo. Alicheka akidhani natania.

Kwenye fainali hii ya Mwewe na Nyundo sikupangwa mimi. Refa aliyepangwa aliamka na malaria anatetemeka, na hapakuwa na mwingine. Viongozi wa Nyundo wakaulizwa kama watanikubali, wakati wanajua mimi ni wa Mwewe damu damu. Wakasema mwanamke yule hata mamake mzazi akikosea angemtoa uwanjani, acheni achezeshe. Haki ya Mungu, kaka, sijawahi kusifiwa hivyo.

Watu walijaa mpaka juu kwenye mteremko, miavuli rangi zote, watoto wako kwenye miti. Na huku nyumbani wenzetu walikuwa wameshafanya upuuzi wao. Walichinja kabla ya mechi! Nguruwe wameshaingia shimoni, mawe yamewaka moto, majani yamefunikwa, wageni wamealikwa kuja kula ushindi. Nani anapika ushindi asubuhi? Sisi tu.

Dakika za mwisho Nyundo walikuwa mbele kwa pointi nne. Trai moja ni pointi nne, mkwaju wake mbili, na kombe letu. Mpira ukafika kwa Bomai upande wa kulia. Kaka, mwanao anakimbia! Aliwapiga chenga wawili, wa tatu akamrukia kiunoni, naye akajirusha kwenye kona auweke mpira chini ng'ambo ya mstari. Mimi nilikuwa nyuma yake hatua chache, maana kwa mbio bado nimo. Mpira ulimchomoka kifuani kabla ya mstari, ukaanguka mbele, kisha yeye akauangukia. Uwanja mzima ulishalipuka, bendi imeshaanza. Nikapuliza. Nikaonyesha kwa mkono kwamba ameuangusha.

Bendi ikakatika katikati ya wimbo. Halafu vikaanza kurushwa vitu: maganda ya miwa, maganda ya popoo za kutafuna, kiatu cha mtu, na matusi ambayo sikujua ukoo wetu unayo. Shangazi kipofu! Umeolewa na Nyundo! Polisi wakaniambia nikimbilie gari. Sikukimbia. Nilimaliza mechi, nikapuliza cha mwisho, nikatoka kwa miguu yangu, mgongo umenyooka. Refa akikimbia anakuwa amekubali kosa.

Tangu siku ile sisalimiwi. Nikienda sokoni, mama wa kabichi ananiuliza kama nimekuja kununua au kukataa. Kerenga ametunga wimbo, anasema kipenga cha shangazi kina tumbo kubwa, kimekula trai ya Bomai na nguruwe wake juu. Na tatizo, kaka, wimbo wenyewe ni mtamu! Ubeti wa pili unapopanda pale, nimejikuta nauimba nikifua nguo, Mama akanirushia sabuni. Kuhusu watu, mimi sina neno. Watachoka. Wazee wa kikao wanataka nitoe nguruwe wa kuwafuta machozi, na nirudishe kipenga. Wanasema baba yetu hayupo, kwa hiyo wewe kama kaka yangu na baba wa kijana ndiye utakayekata shauri.

Kinachoninyima usingizi ni Bomai. Anasema aliuweka mpira. Siku ya kwanza alisema huku anatazama chini, nikajua yatakwisha. Sasa anasema akinikazia macho. Sahani nikimpelekea anairudisha imejaa. Kila siku anausema uongo huo vizuri kuliko jana, na watu wazima wanampigia makofi.

Ndiyo maana sasa nitakuambia neno ambalo sijamwambia mtu yeyote duniani, hata padri.

Ile fainali yako, mwaka ambao maji yalibeba daraja, mimi nilikuwa mtoto. Nilipenya kwenye miguu ya watu mpaka mbele kabisa, vidole vyangu viko juu ya chokaa. Na wewe katika uwanja wote ule ukaichagua kona yangu. Nilikuona uso, kaka. Niliuona mpira ukikuponyoka kwapani, ukadunda peke yake, ndipo ukaulalia. Refa alikuwa mbali, migongo imemziba, akanyoosha mkono kuwa ni trai. Nililia kwa furaha, nikakurukia shingoni, na niliyoyaona nilikuwa nimeyaona. Ulikuwa unatetemeka. Watu walidhani ni uchovu.

Wimbo waliokutungia kwa trai ile unaimbwa kila harusi mpaka leo, na kila unapoanza, wewe unainuka. Mara unakwenda kuangalia moto, mara umesikia mtu anakuita nje. Msimu uliofuata ukasema goti, hukufunga tena viatu. Kisha ukapanda gari kwenda Lae, ukulele ukaiacha ukutani. Watu walisema Alois ana maringo, mji umemlewesha. Mimi nilinyamaza, lakini niliumia kwa ajili yako, na bado naumia. Na wiki iliyopita Kerenga alipoufikia ule ubeti wa kumsifu Bomai, nilimwona mwanao anainuka, anasema anakwenda kuchota maji. Ndoo zote zilikuwa zimejaa.

Sikuandiki haya kukutisha, wala kununua neno lako kikaoni. Mama hajui, Bomai hajui, na kwangu hawatajua. Trai yako siigusi. Refa aliyeitoa ameitoa, na kama kuna mtu wa kuirudisha, ni wewe peke yako, siku utakayotaka wewe, au usitake kabisa. Nitakupenda vilevile.

Lakini njoo, kaka. Usitume neno kwa simu, njoo mwenyewe. Kikaoni sema utakalo. Ukisema nitoe nguruwe, nitatoa, maana wewe ni mkubwa wangu na nguruwe jike wangu anazaa. Kipenga sitoi, hata mkikaa mpaka kahawa ya mwaka kesho iive. Jumamosi nimepangiwa mechi na nitaichezesha. Ila kabla hujaingia kikaoni, mchukue mwanao, mshuke naye mtoni ninyi wawili tu. Mimi nikimwambia aliuangusha, anamsikia refa. Kuna mtu mmoja tu anayeweza kumwambia itakavyokuwa akiendelea kusema aliuweka, na mtu huyo yuko Lae anapakua mizigo.

Msalimie sana wifi, wabusu watoto, mdogo umwambie shangazi anamtunzia kitoto cha nguruwe chenye doa jeupe. Mama anaagiza chumvi, na anasema usije na viatu vya mjini, njia ni mbovu. Mungu akulinde barabarani. Nitakuwa kituoni gari la Lae linapoingia, na usiponiona usishangae kwa nini watu wote wamesimama upande mwingine. Njoo upande wangu.

Ni mimi mdogo wako,
Skolastika