Waridi Lilipofika Karakanani, Nikashusha Kofia

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla nyumba yangu haijapoa kabisa. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, mke wangu anasuka nywele saluni mtaa wa pili, na juzi, Siku ya Wapendanao, mchana kweupe, nikamwona anaingia karakanani na gauni lake jekundu na ua la waridi mkononi, lile alilolikuza mwenyewe kwenye kopo la rangi, na kusema kweli alikuwa amependeza mpaka mashine ya kukatia vyuma ikanyamaza, moyo wangu ukajaa, lakini wenzangu wakaanza, "Shemeji, na sisi je, hatupendeki?" na mwingine, "Bwana Waridi, umekaliwa wewe!" nami badala ya kumpokea nikashusha kofia ya kuchomelea ikafunika uso, nikainamia geti kama mtu mwenye kazi ya haraka, na moto sikuwa nimewasha. Akasimama. Akaona cheche hakuna. Akaliweka ua mezani, akasema, "Kazi njema, fundi," akaondoka. Mshauri, tangu tuoane hajawahi kuniita fundi, hilo ni jina la wateja, na sasa hata nyumbani ni "fundi, chakula tayari," "fundi, maji ya kuoga," kwa adabu zote, na adabu hiyo inaniua. Ua nimelificha nyuma ya mtungi wa gesi, nalibadilishia maji wenzangu wakienda kula. Nifanyeje aniite tena mpenzi?

Bwana Waridi

Mwanangu Bwana Waridi,

Kosa la wengi wetu ni kudhani mapenzi ni kama nguo ya ndani: lazima uwe nayo, lakini ole wako ionekane. Ndiyo maana tunaicheka sikukuu hii, eti ni ya watoto wa shule. Hebu fikiri. Tunasherehekea siku ya kuzaliwa, jambo ambalo hata hatukulitolea jasho. Mapenzi watu huyahangaikia mwaka mzima. Yakipewa siku moja, tumepungukiwa nini?

Pole, maana kutaniwa kunauma. Lakini nikuulize: timu yako ikifunga bao, unashusha kofia? Si unavua shati na kukimbia mtaa mzima, kwa ajili ya wachezaji wasiokujua hata jina? Huyu anakujua mpaka unavyokoroma, na bado akavaa, akajipamba, akapita katikati ya vyuma na kelele kukutafuta. Alijua watacheka. Alikuja kujivunia mume wake, masizi na yote, nawe ukamwacha ajivune peke yake.

Hao wenzako nao uwasikilize vizuri. Mtu anayeuliza "hatupendeki?" ana njaa, na utani wake ni kifuniko cha sufuria tupu. Wewe mwenye chakula ndiye unayejificha!

Usimvizie chumbani umwombe radhi kwa kunong'ona. Kosa la hadharani hutibiwa hadharani. Sikukuu imepita kwenye kalenda tu. Kwenu bado haijasherehekewa.

Leo mchana litoe ua nyuma ya mtungi, hata kama limeanza kunyauka, uende nalo saluni ukiwa na ovaroli lako hilohilo, usimame mlangoni mbele ya wateja wote, useme kwa sauti: "Namtafuta mke wangu."