Timu Isiyodunda Mpira

Doha,
Jumapili mchana.

Kaka Wafula,

Mulembe. Natumaini barua hii itakukuta na afya, na kwamba goti lako limeacha ule ukorofi wake wa wakati wa mvua. Shemeji hajambo? Watoto nao? Na yule ng'ombe mliyesema anakaribia kuzaa, alizaa ama bado anawatazama tu? Mimi niko salama. Nimekonda kidogo, lakini kila mtu wa chumba chetu cha kufulia amekonda, kwa hivyo hakuna anayeona.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu na simu iko. Ni kwa sababu kwa simu unaniambia "niko sawa, dada," halafu unaniuliza hali ya hewa ya huku. Huku ni joto, kaka. Jana kulikuwa joto na kesho kutakuwa joto. Nafuna wa Naitiri, ambaye tunakunja shuka pamoja, anakuja likizo Jumatano, na ameniapia kwamba atakupa barua hii mkononi kabla Ijumaa haijaisha. Nataka uisome kabla ya mkutano wa Jumamosi, ule ambao mashabiki wa timu ya chuo wataamua kama uendelee kuwa kocha au wamwombe mkuu wa chuo akuondoe. Nimesikia pia kwamba huna mpango wa kuwasubiri, kwamba umeshaandika barua ya kujiuzulu. Shemeji ndiye aliyeniambia. Usimgombeze.

Kazi ni ile ile. Shuka za hoteli zinatoka kwenye mashine zikiwa na mvuke, tunazilisha kwenye pasi kubwa ya rola, wawili mbele na wawili nyuma, na ukichelewesha kidole unakijua. Msimamizi wetu hupita akipiga makofi kama mtu anayefukuza ndege shambani. Tunasimama kutoka asubuhi mpaka jioni. Mapumziko ni nusu saa ya chakula, na nusu saa hiyo, badala ya kula kama watu wenye akili, mimi nimekuwa nikisikiliza grupu la mashabiki wa timu yako.

Kaka, nimewahi kukaa na wajinga, lakini hawa wamejikusanya. Grupu lina watu zaidi ya mia na sidhani kumi wao wamewahi kushika mpira wa kikapu kwa mikono yao. Mwenyekiti, Njoroge wa duka la mbegu na mbolea pale Kitale, huanza kila ujumbe wa sauti kwa kukohoa, kama ameombwa kuhutubia taifa.

"Mimi sisemi kocha ni mbaya," anasema, "lakini si mnaona hatuna mtu mrefu? Hawa vijana ni wafupi, bana. Msimu ujao twende Lodwar, tutafute kijana mmoja wa futi saba, tumsimamishe hapo chini ya ringi. Hata kama hajui kucheza, atasimama."

Atasimama! Mlingoti wa bendera pale chuoni pia unasimama, na hauhitaji kulishwa. Lakini wenzake walimpongeza, na siku mbili nzima wakabishana kama kitanda cha bweni kitamtosha kijana ambaye hata hawajampata. Mwingine akajitolea kuongeza mbao.

Halafu kuna Mwalimu Simiyu, yule mstaafu wa Myanga. Huyo haamini urefu. "Shida si ulefu," anasema. "Shida ni jezi. Tangu mbadirishe langi ya jezi, timu imerara. Ludisheni ire ya kijani." Mtu aliyefundisha hesabu miaka thelathini, na hesabu yake yote imeishia kwenye rangi ya fulana.

Na Brayo, kijana wa kuuza simu kule Bungoma, yeye ni mfupi wa maneno. "Niaje wasee. Tuseme ukweli, kocha ameisha. Si atupishe tulete mtu wa Nai? Huyu ni wa kulima tu."

Hao ndio wataamua maisha yako Jumamosi. Mmoja anataka mlingoti, mmoja anataka fulana, mmoja anataka mtu yeyote mradi atoke Nairobi. Msimu mzima mlishinda mechi moja, na hiyo wapinzani hawakufika, na hakuna hata mmoja wao aliyeuliza swali ambalo mtoto wa chekechea angeuliza.

Lakini nisijifanye mwema. Mechi ya mwisho, ile ya Bungoma, niliitazama. Saa zetu na zenu ni moja, na hiyo ndiyo hisani pekee ambayo Doha imenifanyia. Brayo alikuwa akirusha picha kwa simu yake na nusu ya wakati alituonyesha viatu vyake, lakini nilichoona kilinitosha. Kijana wako anapokea mpira, anasimama. Anatafuta wa kumpa. Anampa. Yule naye anapokea, anasimama. Hakuna anayedunda! Vijana wa Bungoma wakawa wanakuja wanauchukua tu mikononi mwao, kama mtu anayepokea chenji. Uwanja mzima ukaanza kuimba, "Dunda! Dunda! Dunda!" na watu wakacheka mpaka refa naye akacheka.

Unajua nilichezea timu ya wasichana ya chuo hicho miaka mitatu. Kudunda ndicho kitu cha kwanza ulichonifundisha, hata kabla sijajiunga na chuo, kwenye ule ua wa nyumbani Ndalu, mpaka Mayi akalalamika, kama mama yeyote, kwamba kuku wameacha kutaga. Aibu ilinishika, na aibu ikageuka hasira. Nikaandika kwenye grupu, mbele ya watu wote hao: "Kocha huyu aende afuge kuku, mpira umemshinda." Walicheka sana. Njoroge akaandika, "Hata damu yake imekubali." Nikaona umeusoma ule ujumbe.

Kesho yake ukaandika sentensi mbili tu: "Makosa yote ni yangu. Msiwalaumu vijana." Njoroge akajibu kwamba angalau umekubali, na kwamba mkutano utakuwa Jumamosi ya pili, saa nne asubuhi.

Ni Juma, nahodha wako, aliyenitafuta pembeni. Aliandika, "Sista, hata wewe?" Halafu akanitumia picha aliyoipiga katikati ya msimu.

Nilidhani ni shamba. Njano tupu, kutoka ringi mpaka ringi. Kumbe ni uwanja wa kikapu umeanikwa mahindi. Sasa, mimi ni mtoto wa huko, sishangai mahindi. Najua kwamba mavuno yakikutana na mvua, saruji yoyote Trans-Nzoia inakuwa ya kuanikia, iwe kibaraza cha kanisa au barabara mpya. Lakini uwanja wa timu, na timu iko katikati ya msimu?

Juma akanieleza yote. Kwanza mkuu wa chuo alileta mahindi ya shamba la chuo, ati wiki moja tu. Kuona hivyo, Njoroge akaleta yake. Mwalimu Simiyu akaleta ya shemeji yake. Ninyi mkahamia kwenye nyasi za nyuma ya jikoni. "Sista, mpira ukiupiga kwa nyasi haurudi," Juma aliniandikia. "Tulifanya kupasiana tu, wiki saba. Siku ya Bungoma tulikuwa tumesahau mkono unafanya nini."

Nilicheka peke yangu kwa uchungu. Nikakumbuka ujumbe mmoja wa Njoroge, baada ya mechi ya pili, akiuliza mbona vijana hawana pumzi. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kitu kinaparaza, nikadhani mtu anafagia duka. Kumbe mwenyekiti wa mashabiki alikuwa amesimama katikati ya uwanja na reki mkononi, anageuza mahindi yake, huku anauliza kwa nini timu haifanyi mazoezi. Nimejaribu kutafuta tusi la kumtosha mtu huyo na sijalipata, kwa Kiswahili wala kwa Kibukusu.

Basi nikaandika ujumbe mrefu wa kuwaumbua. Niliamua niweke na picha, nizungushie magunia yenye jina la Njoroge alama nyekundu, kila mtu aone. Nikaikuza ile picha ili niyapate vizuri. Na chini ya ringi ya upande wa pili nikaona kiti cha plastiki, na turubai la buluu nililolinunua hapa hapa Doha nikalituma na mizigo ya mwaka jana, na mwanamke wa kitambaa kichwani, ameshika fimbo ndefu ya kufukuzia kuku. Mayi.

Nikamuuliza Juma. "Wengine walianua baada ya wiki tatu," akasema. "Mama wa kocha ndiye alibaki, sababu mahindi yake yalikuwa yananyeshewa kila siku. Kocha alitukataza tusimwambie kitu."

Niliufuta ule ujumbe wangu. Kwa sababu nakumbuka, kaka. Mwezi wa kumi Mayi alinipigia akilia kwamba mahindi ya lile shamba la kukodi nyuma ya chuo yameanza kuota yakiwa kwenye magunia. Nikamwambia, "Si upeleke uwanjani? Wafula ana ufunguo, atakataaje?" Nilisema hivyo huku natafuna mkate, nikakata simu, nikarudi kwenye shuka zangu, na sikuwaza tena jambo hilo hata mara moja. Miezi miwili nimekaa hapa nikiwadharau watu kwa kutoona kilicho mbele ya macho yao. Bado nawadharau. Lakini na mimi nimo, tena mimi ndiye mbaya zaidi, maana wao hawakukulia mgongoni mwako.

Wewe pia nina neno nawe, ingawa ni mkubwa wangu. Ulidhani kunyamaza ni heshima. Nakuelewa mpaka mahali fulani: ukitaja mahindi ya mkuu na ya Njoroge, watasema, "Na ya mama yako je?" Ungeweza kuwafukuza wote wale, lakini yeye hukuweza, na mimi pia nisingeweza. Lakini umefikiria baada ya hapo? Ukiondoka, watakuja na mlingoti wao wa Lodwar na jezi yao ya kijani, na mavuno yajayo uwanja utaanikwa tena, na mjinga mwingine mwenye filimbi atatukanwa mahali pako. Na kina Juma, hao uliosema wasilaumiwe, watamaliza chuo wakiitwa timu isiyodunda. Nani atawachukua na jina hilo? Umewabebea lawama, kaka, lakini ukweli wao umeuficha pamoja na wa Mayi. Hilo silo kosa dogo.

Juzi Ijumaa nilimpigia Mayi. Nilikuwa nimeshachoka kuzunguka.

"Mayi, unajua Wafula anatukanwa?"

"Na nani? Kwa nini?"

"Timu ilishindwa. Haikuwa na uwanja wa kufanyia mazoezi."

Akasema, "Si aliniambia wamejengewa mwingine? Ati mpya, upande wa chini. Mimi nikasema asante Mungu, nikatandaza mpaka kwa ile laini."

Hivyo ndivyo ulivyomdanganya, mpaka akamshukuru Mungu. Nililia, na sioni aibu kukwambia.

Sikumficha kitu baada ya hapo. Nilimwambia ni mimi niliyemtuma uwanjani, na nikamwambia nilichoandika kuhusu kuku. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Aliniuliza tu mkutano ni saa ngapi. Nikamwambia saa nne. Akauliza kama wamama wanaruhusiwa kusema. Nikamwambia sijui, sijawahi kusikia.

"Basi tutajua siku hiyo," akasema.

Kwa hivyo anakuja, kaka. Najua ulivyo. Akiinuka tu, utaruka usimame mbele yake, useme makosa ni yako, uwape hiyo barua yako, mkutano uishe kabla mama hajafungua mdomo. Nakuomba usifanye hivyo. Kaa chini. Acha aseme yaliyotokea, aseme na ya mkuu, aseme na ya Njoroge, kwa Kibukusu kama Kiswahili kitamponyoka. Msimu mzima umemkinga yeye. Hebu mara moja tu mkubalie akukinge wewe. Ni mama yako. Anaumia zaidi kwa kutoambiwa kuliko kwa kuaibika.

Mimi saa hiyo nitakuwa kazini, lakini nimeshamwomba Nafuna wa pili, yule wa Webuye, anishikie zamu yangu kwenye pasi kwa dakika kumi, nipige simu mkutanoni.

Nisalimie shemeji na watoto. Nisalimie Senge, shangazi yetu wa Ndalu, umwambie dawa ya miguu nimempa Nafuna wa Naitiri. Nisalimie Kukhu, nyanya yetu, na umwambie kwa sauti maana najua hatasikia mara ya kwanza. Msalimie Juma na wenzake, mmoja mmoja. Njoroge usimsalimie.

Ni mimi dada yako, niliyekutukana mbele ya watu mia, na ambaye Jumamosi saa nne atakuomba msamaha mbele ya hao hao,

Nekesa.