Mlango wa Jikoni, Nyumba Namba Saba

Jumamosi, 8 Machi

Basi tumeingia rasmi kwenye maonyesho ya nyumba za kale! Chama cha mtaa kimepigilia kibao getini: namba saba. Watu wanazunguka wenyewe mtaa mzima, chini ya miti, bila wa kuwaongoza. Wanaelekeza simu kwenye kibao, wanavaa hedifoni, wanasikiliza habari za nyumba huku wametoa macho. Kwetu aliyerekodiwa akisimulia ni kaka. Nani mwingine! Anaishi upande wa pili wa mji, kutuona ni kwa msimu, lakini kwa mdomo nyumba ya babu ni yake peke yake.

Nimeshinda sebuleni nashona mapazia ya watu. Kila nikiinua kichwa, sura ngeni inachungulia. Wanatikisa vichwa pamoja, wanacheka pamoja. Sijui kawaambia nini. Mama kafurahi. Yuko chumba cha nyuma, kitandani, na akisikia sauti za watu anauliza kama chai itatosha.

Jumapili, 9 Machi

Leo wachache. Mmoja kabaki wenzake walipoondoka — kofia pana, shati limenyooshwa vizuri. Kasikiliza mara mbili. Wengine hutazama roshani na nakshi za madirisha. Yeye alitazama ubavuni, kwenye njia ya kwenda jikoni. Nimembatiza Bwana Kofia. Nikampungia mkono. Hakupunga.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya kazi, watu hawatembei. Nimetoka dukani kununua nyuzi, namkuta Bwana Kofia anatoka getini kwetu! Safari hii hana hedifoni. Nimemwita, kapinda kona bila kugeuka. Nimejiambia alikuja kupiga picha.

Wakati wa kula Mama kasema mgeni wangu ana adabu. Mgeni gani tena? Nimecheka tu. Majuzi alikuwa anaongea na marehemu shangazi mpaka chakula kikapoa.

Ijumaa, 14 Machi

Siipendi siku hii.

Nimepeleka mapazia kwa mteja, nimerudi mchana. Mama kakaa kitandani, mto mgongoni, nywele zimechanwa. Sikumkalisha mimi. Mwenyewe hawezi, tangu avunjike nyonga. Nikamuuliza nani kamkalisha.

"Si yule mgeni wako. Akiingia anavua kofia. Wewe hata viatu huvui."

Nikamuuliza, polepole, huwa wanaongea nini.

"Anapenda kujua wewe hutoka lini, hurudi lini. Nikamwambia, huyo? Huyo akitoka katoka."

Nimekwenda getini, nikaelekeza simu kwenye kibao kama mtalii. Sijawahi kuisikiliza simulizi hiyo mpaka mwisho. Kaka anaeleza paa, anaeleza sakafu, halafu anajisahau: "Na mlango wa jikoni, ndugu wasikilizaji, haujawahi kuwa na ufunguo tangu babu. Unainua kitasa, unasukuma kwa goti, umeingia. Sisi ndivyo tulivyokua!" Na kicheko chake. Hicho ndicho wanachokicheka. Nimesimama nje ya kwetu, simu sikioni, nalia kwa hasira.

Nimempigia kaka. Eti nakuza mambo, Mama anaota. Nikamwambia ndoto haimchani mtu nywele. Kasema atakuja kesho. Mwenyekiti wa chama naye ananiambia mlango wa nyumba ya kihistoria hauguswi bila kikao. Polisi wameuliza kimeibwa nini. Hakijaibwa kitu. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi — angeiba, ningejua anataka nini.

Jumamosi, 15 Machi

Asubuhi nimemlisha Mama, kisha nimekwenda mbele kufunga geti kwa mnyororo. Wanachama wamenikuta, wakaja juu: nawaharibia matembezi! Tumebishana weee. Nimewaachia geti lao. Nimerudi jikoni, nikasukuma kabati la vyombo mpaka likaziba mlango. Mgongo nusura ukatike. Vikombe viwili vimevunjika. Vivunjike.

Sasa nimekaa sakafuni, nimeegemea kabati, mkasi wa kushonea mapajani. Naandika ili mikono itulie. Kaka kasema yuko njiani.

Nje wamecheka. Wamefika kwenye goti. Nimechungulia dirishani: Kofia hayumo kati yao. Alhamdulillahi. Nimepumua kwa mara ya kwanza tangu jana.

Mama anaongea chumbani. Aongee tu, ndiyo kawaida yake.

Ila leo anaacha nafasi. Anasema, ananyamaza, anasema tena. Kacheka. Mimi hanichekei hivyo.

Nilipokuwa getini nabishana, huku nyuma kulikuwa wazi. Ee Mungu. Kulikuwa wazi!

Ananiita. "Mwanangu! Lete chai, vikombe viwili. Na hilo kabati nimelisikia, umezibia nini mlango? Mwenzio atatokea wapi?"

Kaka hapokei simu. Kule chumbani mtu kasogeza kiti